Mgongo wa Bango la Fundi Kassim

Ukitaka kujua kama bango la taa limetengenezwa na mtu anayejua kazi, usilitazame mbele. Mbele kila bango linapendeza. Zunguka nyuma, weka kiganja. Likikuunguza, hilo halimalizi masika. Likiwa na vuguvugu kama ubavu wa mbuzi, nunua.

Nawaambia nyinyi mnaofungua vibanda vya ufundi Kariakoo siku hizi, mnaoniita bibi, halafu mnaniuliza kwa nini niliacha kazi wakati macho yangu bado yanatunga uzi kwenye sindano. Nitawajibu, ila mnivumilie, sijui kusimulia kwa mstari ulionyooka. Nimefanya kazi ya mabango ya taa sehemu kubwa ya maisha yangu, karakana yetu ikiwa Mchafukoge, juu ya duka la vitenge. Nilichotoka nacho ni kiuno kibovu na hasira. Kiuno nimekipatia dawa.

Mabango ninayosema ni yale ya vitaa vidogo vyekundu na kijani, yenye maneno yanayotembea. DUKA LA DAWA LIKO WAZI. PUNGUZO KUBWA. Mnayaona kila kona. Leo yanashuka bandarini yakiwa tayari, lakini sisi tulikuwa tunayatengeneza hapahapa, kitaa kimoja kimoja. Mwenye karakana alikuwa Mzee Tarimo, Mchaga aliyeanza kwa kuuza betri za redio. Fundi mkuu alikuwa Kassim, mtoto wa Magomeni kama mimi. Mimi Rehema nilisimamia meza ya kulehemu, wanawake watupu, na kelele zetu zilisikika mpaka chini kwenye vitenge.

Kulehemu hakutaki pupa. Upashe moto mguu wa kitaa kwanza, ndipo uisogeze risasi ya kulehemia. Ikija yenyewe, itang'aa kama shanga. Ukiipaka kwa nguvu itakuwa ya kijivu kama uji uliolala, na kiungo hicho kitakuaibisha mvua ya kwanza. Nilikuwa nawarudisha wasichana kwenye kiungo kimoja mpaka wanune. Wakinuna nawaambia, nuna huku unalehemu.

Msidhani mimi sikukosea. Duka moja la viatu lilitaka bango liandikwe KARIBU MTEJA. Kidole kikateleza, bango likapanda ukutani asubuhi likiwatangazia watu wote HARIBU MTEJA. Mwenye duka akapiga simu jioni. Nikajua leo ndiyo leo. "Bi Rehema," akasema, "watu wameingia wengi kuuliza wanaharibiwa nini, na wengine wameondoka na viatu. Liache mpaka Jumamosi."

Basi tulikuwa tunacheka hivyo. Lakini mabango yetu ya mwanzo yalikuwa yanakufa, na hilo halikuchekesha. Joto la mji huu mnalijua, na hewa ya chumvi mnaijua. Ukiziba sanduku lisipitishe maji, vitaa vinaiva humo ndani kama viazi. Ukitoboa matundu ya hewa, mvua na vumbi vinaingia, miguu ya vitaa inaota kutu ya kijani. Tukafunga feni. Feni zikafa kabla ya vitaa. Wateja wakawa wanatuletea mabango mikononi kama watu wanaorudisha samaki aliyeoza.

Kassim ndiye aliyelimaliza tatizo hilo. Alikuwa amemwangalia mke wake akiinua jiko la mkaa juu ya matofali ili hewa ipite chini, akaja kazini akiwa kimya, akachukua mabati mawili akaanza kuyakunja. Aliharibu mengi. Mzee Tarimo alilalamika kila alipopita, lakini mabati aliendelea kununua, hilo simnyimi. Mwisho Kassim akapata kitu hiki: sanduku la vitaa limezibwa kabisa, limegusana na bati la ndani. Nyuma yake kuna bati la pili, na kati ya mabati hayo kuna nafasi. Joto linapita kwenye bati, hewa iliyo katikati inapanda yenyewe na kutokea juu, chini ya ukingo ulioinama ili mvua isiingie. Feni hakuna. Tundu kwenye sanduku hakuna. Bango linapumua.

Kwenye ile kazi ya kwanza alitoboa tundu moja pembeni mwa bati la nyuma kwa makosa, akaona uvivu kubadilisha kipimo, basi kila bango lililofuata likawa na tundu lile lisilo na kazi. Nilimwuliza la nini. Akasema, "La kuchungulia shetani akitaka kuingia."

Bango la kwanza lenye mgongo huo tulilitundika kwenye bucha ya Mzee Pazi, Magomeni. NYAMA SAFI. Lilipita masika, likapita kiangazi, likapita masika mengine. Mzee Pazi akawa anaringa nalo kuliko nyama yake. Biashara ikatukubali. Vituo vya mafuta, maduka ya dawa, hoteli, wote wakataka bango linalopumua.

Hapo ndipo Faraji alipoingia.

Faraji alikuwa na duka la jumla Kariakoo, kijana mwenye adabu zake. Akipanda ngazi tu utasikia, "Shikamoo Bi Rehema, shikamooni mama zangu," na mkononi ana mfuko wa kashata za wasichana. Alikuwa ananunua mabango yetu anayapeleka Mwanza na mpaka Kongo. Siku moja akamwambia Kassim, "Fundi, nifungulie nyuma basi nione. Wateja wangu wananiuliza siri yake nashindwa kuwajibu."

Kassim akamfungulia. Nani asingefungua? Fundi ukimsifu kazi yake atakuonyesha mpaka chumba anacholala. Akamweleza hewa inaingia wapi na inatoka wapi, akamkunjia na kipande cha bati aone mwinamo wake. Faraji akawa anapiga picha kwa simu na kusema, "Fundi, wewe ni hatari." Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nakula kashata yake.

Ikapita muda. Kisha mabango mapya yakaanza kushuka bandarini, membamba, ya bei ya chini, yenye mgongo wetu, na mwagizaji wake Faraji. Kassim alinunua moja, akalifungua mezani, sisi tumemzunguka. Akaanza kucheka. "Njooni muone," akasema. "Ameiga na tundu langu." Kweli lilikuwepo, pembeni palepale, halina kazi hata huko lilikotengenezwa.

Tulidhani mwisho wake ni huo, kuibiwa na kucheka. Kumbe sisi ndio tulioshtakiwa.

Wito wa mahakama ulipokuja, Mzee Tarimo alimwita wakili, mwanamke kijana aliyeitwa Anjela, mpole wa sauti na mkali wa maswali. Alikaa nasi kwenye meza ya kulehemu akatufafanulia, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameelewa. Faraji alikuwa amejisajilia hataza. Hataza, wanangu, ni haki anayopewa mtu aliyebuni kitu, kwamba kwa muda fulani hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kukitengeneza wala kukiuza bila idhini yake. Aliusajili mgongo ule kwa jina lake, kisha akatushtaki kwamba tunamwibia.

"Yaani mwizi ndiye anatushtaki sisi?" nikauliza.

"Mwizi mahakama haimjui bado, Mama," Anjela akasema. "Inamjua aliyesajili. Ni kazi yetu kuonyesha kwamba kitu hiki kilikuwa hadharani kabla yeye hajakipeleka kusajiliwa. Tukionyesha hilo, hataza yake inafutwa."

"Na tusipoonyesha?" Mzee Tarimo akauliza.

"Mtazuiwa kutengeneza. Na kila bango mliloliuza lenye mgongo huu anaweza kulidaia fidia. Kila moja, Mzee. Hata wateja wenu wanaweza kuambiwa wayashushe."

Nilimwona Mzee Tarimo akigeuza macho dirishani, na nikajua anayaona mabango yote ya mji huu, yale aliyokuwa akiyaonyesha kwa wageni kwa fahari, sasa yamegeuka mashtaka yanayowaka taa.

Anjela akauliza jambo ambalo linaniuma mpaka leo. "Kwa nini hamkusajili nyinyi?"

Mzee Tarimo akajibu, "Tulikuwa tunafanya kazi."

Na ni kweli. Ofisi ya kusajili iko humuhumu mjini, tulikuwa tunapita karibu yake tukienda kula. Hakuna aliyewahi kutuzuia mlangoni. Hatukujua kama bati lililokunjwa Mchafukoge linaweza kuwa kitu cha kupelekwa ofisini.

Habari ilipoenea, wateja wakaanza kutukimbia. Mwenye vituo vya mafuta akafuta oda yake. Hoteli ikasema inasubiri kwanza kesi iishe. Meza yangu ikawa na wasichana wanaosafisha pasi za kulehemu ambazo hazijachafuka.

Tukaanza kutafuta ushahidi. Picha za karakana zilionyesha mabango kwa mbele tu, maana nani anapiga picha mgongo? Nikawaambia, twendeni kwa Mzee Pazi.

Mzee Pazi alikuwa anakata mbavu. Anjela alipomwomba bango likaonyeshwe mahakamani, aliweka shoka chini.

"Nilishushe? Watu watajua nimefunga."

"Siku moja tu, Mzee."

"Binti, siku moja kwenye nyama ni siku nyingi."

Ikabidi Kassim amwahidi kumtengenezea kibao cha kushika nafasi. Wakati wanabishana, mke wa Mzee Pazi akatoka nyuma ya pazia akasema, "Mbona hilo bango limo kwenye video ya harusi ya binti yetu Mwanahawa?"

Tukaingia ndani. Bango lile lilikuwa limening'inizwa konani, mgongo wake ukitazama uchochoro, na msafara wa harusi ulikuwa umepita uchochoroni. Tukatazama ngoma ndefu, mashangazi wanazungusha viuno, bibi mmoja anacheza akiwa na kiti kichwani. Ghafla Anjela akaruka. "Simamisha hapo! Simamisha!"

Nyuma ya yule bibi mwenye kiti, mgongo ulionekana wote. Ukingo ulioinama, nafasi ya mabati, na tundu la Kassim pembeni. Harusi ile ilikuwa imefungwa muda mrefu kabla Faraji hajasajili kitu, cheti cha ndoa kilikuwepo, na mpiga video mwenyewe yu hai na yuko tayari kuja kusema. Anjela alimkumbatia mke wa Mzee Pazi. Kassim alitoka nje peke yake. Nilimfuata nikamkuta ameweka kiganja nyuma ya bango, anapapasa.

"Bado la vuguvugu," akaniambia.

Siku ya kesi tulilipeleka bango kwa bajaji, Mzee Pazi amelipakata kama mgonjwa. Kassim alivaa kanzu iliyopigwa pasi na koti la shemeji yake. Mimi nilikuwa shahidi pia, nimejiandaa, hata namna ya kusimama nilikuwa nimefanyia mazoezi jikoni. Tukakaa kwenye benchi la ukumbini tukisubiri kuitwa.

Hatukuitwa. Mlango wa mwisho wa ukumbi ulifunguliwa, akatoka Mzee Tarimo, na Faraji ubavuni kwake. Walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini, kama watu waliotoka kuswali au kula pamoja. Nyuma yao Anjela, amekumbatia mafaili kifuani, hamtazami mtu.

Faraji akatupita. "Shikamoo Bi Rehema," akasema.

Sikuitikia. Ndiyo shikamoo pekee niliyowahi kuiacha ianguke chini.

Mzee Tarimo akasimama mbele yetu. "Tumeelewana," akasema. "Anaondoa kesi. Hakuna fidia, hakuna anayedaiwa."

"Na mgongo?" Kassim akauliza.

"Tumekubali hataza ni yake. Atanipa mabango yake niuze mikoa ya kaskazini."

"Mzee, tuna bango hapa. Tuna harusi. Tungeshinda."

"Najua tungeshinda!" Mzee Tarimo alipandisha sauti mpaka watu wa benchi la pili wakageuka. "Tungeshinda, angekata rufaa. Ningelipa mawakili mpaka lini? Wateja wamekimbia, benki inaitazama nyumba yangu. Mimi ni mzee, Kassim. Sina miaka ya kungojea haki." Kisha akashusha sauti. "Ni bati tu, ndugu yangu. Bati lililokunjwa."

"Kama ni bati tu," Kassim akasema, "mbona Faraji kalitolea jasho lote hili?"

Mzee Tarimo alitaka kumshika bega, mkono ukaishia hewani, akaondoka.

Nikamgeukia Anjela. Nilikuwa na matusi tayari. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilimshauri asikubali, Mama," akasema. "Nimemshauri tangu asubuhi. Lakini mteja wangu ni yeye. Nyinyi kwangu ni mashahidi."

"Na aliyebuni?"

"Alibuni akiwa kazini, kwa mabati ya mwajiri wake. Wa kuitetea haki hiyo alikuwa mwajiri. Akishaamua kutotetea..." Alikuwa wakili mzuri, sitaki mmchukie. Alikuwa ameishinda kesi ile, ila mwenye kesi akaiuza kabla haijasomwa.

Mzee Pazi, ambaye masikio yake hayakushika yote, akauliza, "Kwa hiyo hili bango langu nalo ni la wizi?"

Tulimrudisha Magomeni. Alilitundika palepale kwenye kona, akasema anayetaka kulishusha aje na yeye atakuwa ameshika shoka.

Karakana ikageuzwa stoo ya mabango ya Faraji. Meza yangu ilisukumwa ukutani, makasha yakapangwa juu yake. Mzee Tarimo alituita wanawake wote siku ya kuagana, akanunua soda, akatoa hotuba kwamba tulikuwa familia. Nikamwuliza, "Mzee, soda hii ni ya harusi au ya msiba?" Wasichana wakacheka kwa namna ile ya watu wanaotaka kulia. Yeye hakucheka. Siku hizi tukikutana tunasalimiana, anaulizia kiuno changu, namwulizia sukari yake. Salamu haina hataza. Ila sijawahi kukaa naye chini, na sitakaa.

Mnapenda niwape somo hapo. Somo mnalijua: usimfungulie mtu nyuma kabla hujapita ofisini, na ukipita ofisini, angalia jina linaloandikwa ni la nani. Nimewaambia vijana wengi hivyo, wananiitikia "poa bibi", kisha nawakuta wamerusha kazi yao mtandaoni kabla gundi haijakauka. Lakini hasira yangu haiishii kwenye somo hilo.

Kassim alikaa nyumbani muda mrefu akitengeneza feni na pasi za majirani. Kisha mabango ya Faraji yakaanza kurudi. Walikuwa wamepunguza unene wa bati ili bei ishuke, na joto likawa halipiti vizuri. Faraji akahitaji mtu wa kuyafufua. Mtu mwenye kuujua mgongo ule alikuwa mmoja tu mjini, na mtu huyo alikuwa na watoto shuleni. Akaenda kuajiriwa na Faraji. Waliomsema walikuwa wengi. Mimi sikumsema. Waliosema hawakuwa wanamlishia watoto.

Karibuni jirani yangu mwenye duka la dawa aliniomba nimsindikize kupeleka bango lake bovu. Tukafika dukani kwa Faraji. Amenenepa, duka limekuwa la vioo. Kassim alikuwa nyuma ya kaunta, ameinamia mgongo uliofunguliwa, na pembeni yake vijana kadhaa wa umri wenu, kila mmoja na bisibisi yake. Mteja mmoja alikuwa anamsifu, fundi huyu ana mikono ya ajabu.

Faraji akasema, tena kwa upendo kabisa, "Huyu? Nimemfundisha mwenyewe."

Nikafungua mdomo. Kassim akainua macho, akanitazama mimi, si Faraji, na kutikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekwambia sufuria ni la moto usiliguse. Akarudi kwenye kazi yake. "Ni kweli," akamwambia yule mteja. "Amenifundisha."

Saa ya mapumziko tulikaa kwa muuza kahawa ng'ambo ya barabara. Nikamwuliza kama bado anabuni.

"Ninayo moja," akasema. "Ile ya zamani ilikuwa mchezo wa watoto. Hii haitaki hata bati la pili."

"Iko wapi?"

Akagusa kipaji cha uso. "Na itabaki hukohuko."

"Kassim, utakufa nayo?"

"Nitakufa nayo, Rehema. Nimlehemie nani tena?"

Nikaangalia ng'ambo, wale vijana wamekaa kwenye ngazi za duka wanachezea simu, bisibisi zimechomoza mifukoni. "Na hao? Huwafundishi kitu?"

Akamaliza kahawa, akakung'uta machicha kikombeni, akasimama kwa sababu muda wake ulikuwa umekwisha.

"Nawafundisha kufunga skrubu," akasema.